Familia ya Kabati la Saba

Mjomba wangu hakutaka nimwite mjomba kazini. Siku yangu ya kwanza pale makumbusho alinisubiri mlangoni mwa karakana, mkono mmoja ameshika fremu ya mlango, akaniambia hata kabla ya salamu:

"Humu ndani mimi ni Fundi. Mjomba wako nimemwacha nyumbani, na huko nako hana hamu ya kukuona."

Nilidhani anatania. Nikacheka kidogo, peke yangu.

Hakuwa amenisamehe kwa kupata kazi ile. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiwachuna ndege waliokufa, anawatia dawa, anawajaza pamba, anawasimamisha kwa waya hadi mtu aape kwamba wanapumua. Na kadi zote zilizobandikwa kwenye makabati ziliandikwa na yeye au kwa maneno yake. Kisha akaja mkurugenzi mpya, akaamua kadi ziandikwe upya na mtu aliyesomea viumbe chuoni. Mtu mwenyewe akawa mimi, binti wa dada yake. Kioo, fundi wa vioo, aliyekuwa akishinda karakana kwetu hata pale ambapo hapakuwa na kioo cha kukata, ndiye aliyenipa jina. Aliniita Msomi, na alilitamka kama mtu anayetema mbegu.

Mwezi wa kwanza nilikosa. Nilikuwa nasafisha mdiria mdogo, nikaona uzi umening'inia mguuni na kijikaratasi kilichochakaa, nikaukata. Fundi aliruka kutoka mezani kwake kama aliyeumwa na siafu.

"Umekata nini?"

"Uzi tu, Fundi. Ulikuwa mchafu."

"Hiyo ni lebo! Ndege akipasuliwa mezani, hapo hapo anaandikiwa: ni nani, dume au jike, katoka wapi. Inafungwa mguuni na haitoki mpaka dunia iishe. Ndege asiye na lebo ni nyama. Umenisikia? Nyama!"

Aliifunga tena mwenyewe, vidole vyake vinene vikipiga fundo dogo kuliko punje ya mchele. Wiki mbili hakusema nami. Birika la karakana lilikuwa linachemsha chai ya vikombe viwili, chake na cha Kioo. Mimi nilikuja na chupa yangu.

Niliandika kadi za bundi, za mwewe, za vigogota. Miezi ikapita hivyo, likabaki kabati la saba.

Kila mtu mjini kwetu analijua kabati la saba. Ndani yake wanasimama heroe watano: mmoja mrefu, mweupe aliyechovywa waridi kidogo, mmoja mfupi, waridi iliyokolea, na wadogo watatu wa kijivu. Nyuma yao kuna ziwa la buluu lililochorwa kwenye ubao wa nyuma wa kabati, lenye matete mabichi na mayungiyungi yanayoelea. Kadi yake ilikuwa na herufi za dhahabu: FAMILIA YA HEROE. BABA, MAMA NA WATOTO WAO WAKIPUMZIKA KANDO YA ZIWA. Maharusi walikuwa wakipigia picha mbele yake. Mimi mwenyewe mama alinileta nikiwa na miaka mitano, akanielekeza kwa kidole: huyu baba, huyu mama, na yule wa mwisho mwenye shingo nyembamba ni wewe. Nadhani ndege nilianza kuwapenda siku ile.

Mkurugenzi aliniita ofisini. Ni mwanamke mwenye haraka, anayesoma barua huku akizungumza.

"Ijumaa tunafungua ukumbi upya. Ijumaa hiyo Fundi anastaafu, na kabati la saba litapewa jina lake, kibao kimeshachongwa. Ijumaa hiyo hiyo miezi yako ya majaribio inaisha. Nataka kadi ya heroe mezani kwangu Alhamisi, chini imeandikwa 'aliyehakiki' na saini yako. Nikiiona, nasaini barua yako ya kuthibitishwa kazini. Nisipoiona, siisaini. Tumeelewana?"

Nilisema ndiyo. Mimi huwa nasema ndiyo.

Jumatatu kabati la saba lililetwa karakana, Kioo akaondoa kioo cha mbele, likaachwa wazi katikati. Fundi alikuwa amekwenda kujaza fomu zake za kustaafu. Nikachukua brashi laini nikaanza kuwapangusa vumbi, nikianza na baba, nikaja kwa mama.

Ndege akishakufa, mdomo na miguu yake hupoteza rangi, kwa hiyo fundi huipaka upya. Mdomo wa mama ulipakwa waridi na ncha nyeusi, sawasawa na wa baba. Lakini pembeni, karibu na jicho la kioo, rangi ilikuwa imebanduka kipande cha ukucha. Chini ya rangi hapakuwa na waridi. Palikuwa na wekundu mzito, kama damu iliyokauka.

Nilitoa lenzi yangu ya mkononi. Nikaangalia mdomo wa mama, nikaenda kwa baba, nikarudi kwa mama. Mdomo wa baba, kingo zake zilikuwa na vichujio vipana kama meno ya chanuo. Wa mama ulikuwa na vichujio vyembamba kama nyuzi za hariri, na sehemu yake ya juu ilishuka katikati kama mkuku, ule uti wa chini wa mashua.

Hawakuwa mume na mke. Walikuwa heroe mkubwa na heroe mdogo, aina mbili kabisa. Wanaweza kusimama ziwa moja, hata kundi moja, lakini hata chakula hawali sahani moja: mkubwa huzamisha kichwa hadi matopeni akitafuta uduvi na viluwiluwi vya wadudu, mdogo hupitisha mdomo juu juu ya maji akichuja mwani ambao jicho la mtu halioni. Nikawaangalia watoto. Wawili walikuwa na nyuzi za hariri, mmoja ana meno ya chanuo. Yule wa mwisho, mwenye shingo nyembamba, niliyeambiwa ni mimi, hakuwa na undugu wowote na mama aliyesimama naye bega kwa bega.

Fundi aliporudi nilikuwa bado nimesimama pale. Kioo alikuwa mezani anakata vipande vya akiba.

"Fundi," nilisema. Sauti ilinitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Sema. Au unasubiri kupangwa foleni?"

"Nadhani… nadhani hawa si mume na mke."

Kioo aliweka kisu chake chini. "Eti nini?"

"Ni aina mbili. Huyu ni heroe mkubwa, huyu ni heroe mdogo. Na watoto…"

"Fundi, umesikia?" Kioo alipiga paja lake. "Mpwa wako anawapa talaka ndege waliokufa! Hebu tueleze, Msomi, walikosana nini? Mume alikuwa haleti matumizi? Miaka thelathini wamesimama hapa hawajagombana hata siku moja. Ndoa ngapi za hapa mjini zimefika huko?"

Fundi hakucheka. Aliuliza polepole: "Umejuaje?"

"Vichujio vya mdomo. Na rangi imebanduka hapa, ukiangalia. Na vitabu vinasema…"

"Vitabu." Alivuta stuli akakaa. "Umewahi kuwaona heroe wakiwa hai?"

"Kwenye filamu. Chuoni."

"Umewahi kukanyaga magadi?"

"Hapana."

Akakunja suruali mguu mmoja. Kuanzia kifundoni hadi chini ya goti ngozi ilikuwa laini na inang'aa, kama karatasi ya nailoni, haina hata unywele.

"Hayo ndiyo maji wanamokaa. Ukoko wa juu unakubeba, unakubeba, halafu unakudondosha. Nilitembea humo asubuhi nzima kuwaokota hawa waliokufa, nikawabeba mgongoni, ngozi imeachia miguuni kama soksi. Mimi nimebeba ndege. Wewe umebeba nini? Cheti?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kioo aliongeza, akitikisa kichwa. "Siku nne kabla mtu hajastaafu. Damu yake mwenyewe."

"Usiliguse tena kabati langu," Fundi akasema.

Nilitazama ziwa la buluu lililochorwa nyuma ya ndege, lile analolijua yeye kwa miguu yake. Katika maji yanayomvua mtu ngozi, yungiyungi linaotea wapi? Lakini swali hilo nililimeza.

Jumanne asubuhi nilikuta stuli yangu imetolewa nje, imewekwa kwenye korido, karibu na ndoo za kudekia. Lenzi yangu haikuwepo mezani. Nilipochungulia kuuliza, Fundi alijibu bila kuinua kichwa kwamba karakana ni ya wanaofanya kazi kwa mikono. Bibi wa tiketi, ambaye siku zote hunisalimia, alipita akageuza uso akaanza kusoma tangazo ambalo amelibandika yeye mwenyewe. Mchana mama akanipigia simu.

"Umemfanya nini kaka yangu?"

"Sijamfanya kitu, mama. Ni ndege tu."

"Ndege! Mtu amekufundisha hata kufunga kamba za viatu, leo unamfundisha ndege? Mwombe radhi, usinitie aibu."

Nilikaa kwenye korido, kwenye harufu ya maji machafu ya deki, nikaandika kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala ya ile ya zamani. Ya pili niliiandika kwa ukweli: heroe mkubwa na namna ya kumtambua, heroe mdogo na namna ya kumtambua, kwamba huishi kwenye maziwa ya magadi na ya chumvi, mahali ambapo wanyama wengi hawawezi hata kuonja maji, kwamba hujenga viota vya matope vilivyoinuka kama mabakuli yaliyopinduliwa, huko mbali ukokoni ambako fisi anaogopa kuchoma nyayo. Nikampelekea mkurugenzi ya pili.

Aliisoma akiwa amesimama. "Nani mwingine anayesema hivi?"

"Vitabu vyote."

"Vitabu havitakuja kwenye ufunguzi. Fundi atakuja, na ukoo wake, ambao nasikia ni ukoo wako. Unataka nimpe mtu kibao cha heshima mkono wa kulia, na wa kushoto nimwambie alidanganya mji mzima? Niletee kitu ambacho Fundi mwenyewe hawezi kukikana. Kama huna, nakili kadi ya zamani, tia saini, tuendelee na maisha."

Jumatano, saa ya chakula, karakana ilikuwa tupu. Sikuwa na nia ya kugusa chochote, nilikwenda kutafuta lenzi yangu. Niliiona juu ya rafu, nyuma ya kopo la gundi, juu kuliko urefu wangu. Nikapanda ukingo wa kabati kuifikia. Ukingo ukatikisika, na chini yangu nikasikia mlio mdogo, kama wa biskuti inayovunjwa.

Matope ya kabati la saba ni plasta iliyopakwa rangi ya kahawia. Miguu ya ndege wote imezama humo hadi juu ya kifundo. Plasta iliyomzunguka mama ilikuwa imepasuka, kipande kikubwa kama kiganja kimeachia. Nilishuka nikapiga magoti nikirudishie mahali pake. Hapo nikauona uzi.

Ulikuwa mguuni mwa mama, chini, mahali ambapo jicho la mgeni lisingefika kamwe. Fundo lake dogo kuliko punje ya mchele. Niliuvuta kidogo tu, ukakatika kwa uzee, na lebo ikaja mkononi mwangu. Karatasi ilikuwa imegeuka njano, lakini wino wake mweusi haukuwa umepauka hata kidogo. Mwandiko niliufahamu kabla sijausoma, ule unaolalia kushoto kama unapigwa na upepo:

*Heroe mdogo. Dume. Ziwa la magadi, ukingo wa mashariki, matope meupe.*

Dume. Alimpasua akaona kwa macho yake. Mama wa mji mzima alikuwa dume, na Fundi alijua tangu siku ya kwanza. Alijua na aina yake, na alijua wanakaa wapi. Kisha akachukua brashi akampaka mdomo wa aina nyingine, akachora mayungiyungi, akamwaga plasta juu ya kila alichokiandika.

"Umeshaisoma."

Alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale muda gani. Niliinuka, nikafumba mkono wenye lebo.

"Fundi, sikukusudia. Nilikuwa natafuta lenzi, ikavunjika yenyewe."

"Nimekuuliza, umeisoma?"

"Ndiyo."

Aliangalia makombo ya plasta sakafuni, akaniangalia mimi na mkono wangu uliofumbwa. Nilingoja anipigie kelele. Kelele ningeziweza, nimeshazizoea.

"Basi kesho utakuwa na siku nzuri," alisema, akaondoka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani lebo ilikuwa mfukoni mwangu, na niliishika kama mtu aliyeshika kaa la moto ambalo haruhusiwi kulitupa. Nilikuwa na kila alichokitaka mkurugenzi. Lakini kila nilipojaribu kujiona nikiinyoosha mbele za watu, niliona vile vidole vinene vikipiga fundo. Angeweza kuichoma lebo ile. Hakuna ambaye angejua. Yeye aliiacha mguuni, kwa sababu ndege asiye na lebo ni nyama.

Alhamisi mkurugenzi alikuja karakana mwenyewe. Kioo alikuwa ameegemeza kioo kipya ukutani, tayari kukipachika. Fundi alikuwa amevaa koti lake safi la kazi, amesimama upande wa pili wa kabati, mikono nyuma. Kile kipande cha plasta kilikuwa kimerudishwa mahali pake bila gundi.

"Nina dakika kumi," mkurugenzi alisema. "Kuna kadi mbili. Moja inasema familia, nyingine inasema hawana uhusiano. Binti, una ushahidi?"

Wote wakanigeukia. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na kidole changu kilikuwa juu ya neno *dume*.

"Msomi, mkurugenzi anakusubiri," Kioo alisema. "Au ushahidi nao umeenda kwenye filamu?"

"Sina," nilisema.

"Huna." Mkurugenzi alishusha pumzi, karibu kwa furaha. "Safi. Basi tia saini hii hapa ya familia."

Alininyooshea kalamu. Niliichukua. Nikaisoma ile kadi tena, baba, mama na watoto wao, na nikawaza kila mtoto atakayenyanyuliwa juu ya mabega aisome.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kusaini. Si kweli."

"Ushahidi huna na saini hutoi?"

"Ndiyo."

"Basi na barua yako mimi siisaini. Kesho saa kumi urudishe funguo." Aligeuka kuelekea mlangoni. "Kioo, pachika kioo chako."

Kioo hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikuwa ameshavaa glavu. Niliitia chupa yangu ya chai begini kwa mkono mmoja. Nilikuwa najikaza nisilie hadi nifike kwenye korido.

"Una nini mfukoni?"

Ilikuwa sauti ya Fundi, na sikuwahi kuisikia ikiwa mbaya kiasi kile, hata siku ya mdiria.

"Sina kitu, Fundi."

"Nakuuliza una nini mfukoni! Tangu umeingia mkono wako haujatoka humo!"

"Mjomba, tafadhali."

"Mjomba!" Alipiga kabati kofi, heroe wote watano wakatetemeka. "Unanionea huruma? Wewe? Unamwambia mkurugenzi huna, unanitazama kama mgonjwa wa kulishwa uji? Bora ungenitukana! Bora ungenivua nguo hapa mbele ya watu kuliko kunifunika kanga yako!"

Mkurugenzi alikuwa amerudi mlangoni. Fundi hakumwangalia. Alivuta droo, akatoa nyundo ndogo ya kupigia misumari ya vibao, akainama ndani ya kabati na kuipiga plasta kwenye miguu ya baba. Ikapasuka. Akapiga kwa mama, akapiga kwa watoto, mmoja mmoja, vumbi jeupe likipanda hadi nyusi zake zikawa za mzee wa miaka mia. Alipomaliza alikuwa anahema. Kwenye miguu minne zilining'inia lebo nne. Mguu wa tano ulikuwa mtupu.

Akaninyooshea kiganja. Nikaitoa lebo, nikaiweka juu yake.

"Soma," alimwambia mkurugenzi. "Zote ni mwandiko wangu. Huyu mkubwa, jike. Huyu mama yenu, dume. Nilimwambia yule mkurugenzi wa kwanza. Nikamwambia wawekwe makabati mawili, na ziwa liwe jeupe. Akaniambia watu hawaji kuangalia ndege wasiojuana wamesimama kwenye magadi. Watu wanataka baba na mama na maua. Akaniambia kama siwezi kuchora ua, wapo wanaoweza. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini." Akaninyooshea kidole. "Miezi mitatu, kama huyu."

Kioo, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, alikuwa amekumbatia kioo chake kama ngao.

"Kwa hiyo baba alikuwa mama," alisema mwishowe, taratibu. "Na mimi nilipigia picha ya harusi hapa."

"Kibao changu mkitie jikoni," Fundi alimwambia mkurugenzi. "Hakuna kabati la jina langu." Kisha akanigeukia, na macho yake hayakuwa na hata chembe ya amani. "Umefurahi? Sasa hayo matope utayatengeneza wewe. Leo. Mimi sifungui ukumbi na shimo."

Tulifanya kazi mchana kutwa, na sijawahi kutukanwa kwa mpangilio namna ile. Plasta yangu ilikuwa nyepesi kama uji wa mtoto. Nyeupe yangu ilikuwa nyeupe ya shuka la hospitali. Ukoko wa magadi, alisema, haung'ai vile, unauma macho. Una waridi kwenye nyufa na ukingo wake unajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na kama sikuwahi kuuona ningeuliza badala ya kubahatisha. Kiota nilichofinyanga alikikanyaga. Cha pili alikikanyaga. Cha tatu alikitazama, akakiacha. Alichukua rangi, akayafunika mayungiyungi yake kwa mipako miwili, bila hata kurudi nyuma kuyatazama. Mdomo wa heroe mdogo aliukwangua mwenyewe hadi ule wekundu wa damu ukatokea. Yule mtoto wa shingo nyembamba alimtoa ubavuni mwa heroe mdogo, akamsimamisha hatua moja pembeni. Lebo hakuzizika. Alizifunga juu ya kifundo, zikaning'inia wazi mbele ya kioo.

Niliandika kadi ya mwisho na kutia saini. Mwishoni niliongeza sentensi moja, kwamba aina, jinsia na makao ya ndege hawa vilitambuliwa na fundi aliyewatayarisha, siku aliyowatayarisha. Aliisoma.

"Futa."

"Ni kweli, Fundi."

"Sikusema si kweli. Nimesema futa."

Sikufuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia. Alivua koti lake la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya stuli, akaondoka bila kuaga mtu. Ijumaa hakuja kwenye ufunguzi.

Barua yangu ilisainiwa. Stuli nimeirudisha karakana, ila birika bado ni la vikombe viwili: Kioo anachemsha viwili na kunywa vyote. Ananiita Mvunja Ndoa siku hizi. Maharusi wamehamia kabati la njiwa. Bibi wa tiketi anadai wageni wamepungua na kwamba anajua sababu. Mama bado ananijibu kwa neno moja moja.

Mwezi uliopita mjomba alikuja. Alikata tiketi kama mgeni, akapita mbele ya mlango wa karakana bila kugeuza shingo. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama mbele ya kabati la saba, akaisoma kadi yote, hadi mwisho. Kulikuwa na watoto wa shule wawili kando yake wakibishana yupi ni mkubwa na yupi ni mdogo, mmoja akasema, "Angalia mdomo, siyo urefu." Mjomba aliwatazama, akatazama ndani ya kioo tena.

"Huyo wa mwisho umemsogeza," alisema. Hakugeuka, lakini alijua nipo.

"Kidogo tu. Nilikuwa nafuta vumbi."

"Mrudishe."

Akaondoka. Nikaenda kuchukua funguo za kabati, nikamrudisha yule wa shingo nyembamba mahali alipokuwa, hatua moja pembeni ya wengine, ukokoni.